Mama Lusia Anastaafu, na Wodi ya Mwalusenga Ipo

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bibi Melania Bujiku atastaafu rasmi baada ya kuitumikia Asasi ya Tuone Wenyewe kwa miaka ishirini na sita. Baadhi yenu mtauliza huyo Melania ni nani. Ni Mama Lusia. Kuanzia Nyasubi, mjini Kahama, iliko ofisi yetu, hadi kwenye mashimo ya wachimbaji kule Geita, hilo ndilo jina lake, na nadhani hata yeye mwenyewe akiitwa Melania hugeuka kutazama nani ameitwa. Aliponiona nimeshika kalamu aliniagiza mambo mawili: niandike kwa ufupi, na nisimsifu. La kwanza nitajitahidi. La pili sina namna ya kumtii.

Alizaliwa Mhunze, wilayani Kishapu, katika familia ya wakulima wa pamba na wafugaji. Alijiunga nasi mwaka 1999 kama mwalimu wa cherehani. Naam, cherehani. Wakati ule tulikuwa kikundi kidogo cha kufundisha akina mama kushona na kutengeneza sabuni, na habari za rushwa tulizisikia redioni tu kama watu wengine. Kilichotugeuza ni kisima. Kilitangazwa kuwa kimekamilika na kimekabidhiwa kwa wananchi, tena katika kijiji walikotoka wanafunzi wake wa sabuni, ilhali wanafunzi hao walikuwa bado wanakuja na maji ya dimbwini. Mama Lusia hakubishana na tangazo wala na wanafunzi. Aliwaambia wafunike cherehani, wabebe ndoo, waende wote wakateke. Walikuta shimo lenye mbuzi ndani yake, na kazi ya kwanza ikawa kumtoa mbuzi. Kesho yake wakaenda na ndoo zile zile hadi ofisi ya kata, wakapanga foleni mlangoni, wakaeleza kwa adabu zote kwamba wamefuata maji, maana kisimani hayapo na huenda yamehifadhiwa pale. Kisima kilichimbwa kabla mvua hazijaanza. Baada ya hapo asasi ikabadili jina na kazi, na cherehani zikagawiwa kwa wenyewe.

Vijana mlioajiriwa karibuni mmeshausikia utaratibu wake mpaka mnauota. Mkutano wa wananchi na viongozi haufanyiki ukumbini. Unafanyika ndani ya kitu chenyewe kinachozungumzwa. Kama darasa limeripotiwa kukamilika, tunakaa darasani. Kama ni kivuko, tunasimama juu yake. Kama ni maji, mgeni rasmi anayanywa, na Mama Lusia anakunywa wa kwanza ili mgeni asione anatiwa hofu. Maafisa wengi wamejifunza kwa njia hiyo habari za miradi yao ambazo taarifa hazikuwaeleza.

Msidhani alikuwa akitafuta watu wa kuwaaibisha. Palipokuwa na kazi iliyofanyika kweli, alileta ngoma na akina mama wa vigelegele. Yupo mtendaji mmoja wa kata, mtu mkavu ambaye hata salamu aliitoa kwa shida, alijengesha darasa zuri kwa wakati. Siku ya mkutano alisifiwa na kijiji kizima ndani ya darasa hilo, mpaka akajifuta machozi kwa karatasi ya ajenda. Mama Lusia alisema mtu huyo alimfurahisha kuliko wezi wote aliowahi kuwakamata.

Sheria yake nyingine ndiyo iliyotutesa. Hatunywi soda ya mtu tunayemfuatilia. Maji hatunywi, chai hatunywi, na posho ya kikao hatuigusi. Yeye alibeba mfuko wa kitenge wenye matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na njaa ikituuma alitugawia kimya kimya mle mle ndani ya kikao. Mwandishi wa wasifu huu amekula matobolwa katika korido za halmashauri nyingi za ukanda huu, huku soda baridi ikitoa jasho mezani mbele yake. Sijamsamehe mpaka leo. Lakini hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kutuambia tunyamaze kwa kuwa tulikula kwake.

Pamoja na hayo yote, kazi ambayo jina lake litakaa nayo ni ya Mwalusenga. Hicho ni kijiji cha wachimbaji wadogo, mahali ambapo karasha za kusagia mawe hunguruma tangu asubuhi na vumbi lake hukaa hadi ndani ya ugali. Wilaya yake sitaitaja, kwa sababu waliopo ofisini sasa ni watu wengine na tunafanya nao kazi vizuri. Zahanati ya pale ilikuwa na chumba kimoja. Mama mjamzito akizidiwa, alipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu, ndipo aanze kutafutiwa gari. Mageni, mke wa mchimbaji mmoja wa pale, alijifungulia kwenye mkokoteni huo. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Mwaka uliofuata halmashauri ilitangaza kwamba fedha za huduma za jamii kutoka mgodini zimejenga wodi ya wazazi Mwalusenga, na kwamba ujenzi umekamilika. Mageni alipanda basi hadi Kahama, akapanda na ngazi za ofisi yetu, akaamkiana na Mama Lusia kwa Kisukuma kwa kirefu kama inavyotakiwa, kisha akamwita Mayu, yaani mama, akauliza swali lake.

“Mayu, hiyo wodi imejengwa Mwalusenga ipi? Maana mimi naijua moja tu, ninayokaa.”

Mama Lusia alikwenda naye siku ile ile. Nyuma ya zahanati alikuta lundo la mchanga na nyasi zilizofika magotini. Wengine tungepiga kelele. Yeye alirudi akaandika mwaliko wa mkutano wa hadhara, na mahali pa kukutania akaweka hivi: ndani ya wodi ya wazazi, Zahanati ya Mwalusenga. Halmashauri ikabanwa. Kukataa mwaliko kungekuwa ni kusema kwamba wodi haipo. Mhandisi aliyesimamia ujenzi huo alikubali kuja, na mpaka leo hatujui kwa nini. Wapo wanaoamini kwamba hakuwahi kukanyaga Mwalusenga hata siku moja, na kwamba kwa kuwa alikuwa ameisoma ile taarifa mara nyingi, naye alishaanza kuisadiki.

Asubuhi ya mkutano Mama Lusia alipigilia vigingi kwenye zile nyasi akazungusha kamba ya katani kufuata vipimo vilivyotangazwa. Palipotakiwa kuwa na mlango akaacha mwanya. Ndani ya kamba zikapangwa safu za viti vyekundu vya plastiki, kila kiti mahali ambapo kitanda kilipaswa kuwa. Viti hivyo ni vya Hozefa, mwenye nyumba wetu, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi liko chini ya ofisi yetu. Alivitoa bure, huku akilalamika kwa nusu saa kuhusu vumbi la wachimbaji.

Watu walijaa. Akina mama wakakaa kwenye “vitanda”, wanaume wakasimama nje ya kamba kama wanaosubiri habari njema. Gari la halmashauri likafika, Mhandisi akashuka na watu wake, akaona. Kamba ile ilimfika magotini tu, angeweza kuiruka kama mtoto anavyoruka mfereji. Lakini ndani kulikuwa na akina mama wamekaa, na mtu huyu, tukubali, alilelewa vizuri na wazazi wake. Alizunguka ile kamba akitafuta pa kuingilia, akaupata mwanya, akavua kofia, akasema, “Hodi.”

Akina mama wote kwa pamoja wakaitikia, “Karibu! Karibu ndani!” Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi chini kwenye mashimo. Mhandisi mwenyewe alicheka kidogo kabla hajagundua amecheka nini. Wawili tu katika uwanja ule ambao hawakucheka ni Mama Lusia, aliyemshika mgeni mkono na kumpeleka kwenye kiti chake, na Mageni, aliyesimama bila kuitwa.

“Baba, shikamoo,” alisema. “Mimi naomba unionyeshe mahali ambapo kitanda changu kingekuwa.”

Mhandisi alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Mageni akasema asante, akakaa.

Kicheko kile kilitugharimu. Mama Lusia aliitwa kuhojiwa kutwa nzima kwa nini ameichafua halmashauri, na kila alipoulizwa alijibu kwamba hakusema neno lolote baya, aliitisha mkutano mahali ambapo halmashauri yenyewe ilitangaza kuwa pamekamilika. Tulimwona shujaa. Yeye alituambia ukweli, kwamba muda wote aliogopa kama mwanafunzi aliyevunja sindano ya cherehani, na kwamba mume wake, Mzee Bujiku, aliyemsubiri nje na chupa ya uji, ndiye aliyemshika mkono wakarudi. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu hudhani wasioogopa ndio wanaofanya kazi hii. Sijawahi kumwona asiyeogopa katika asasi hii, labda yule mlinzi wetu, na yeye ni kwa sababu hulala.

Hozefa naye alitembelewa dukani na watu waliomshauri atafute wapangaji wengine. Alipanda ngazi akiwa na uso wa msiba, tukajua tumekwisha.

“Mama Lusia, nimeambiwa nikutoe,” alisema. “Nimewauliza kosa lako, wananiambia unauliza maswali mengi. Sasa mimi dukani kwangu watu wanaingia kutwa wanauliza bei ya saruji, bei ya bati, halafu hata kununua hawanunui. Nitatoa wangapi?”

Akashuka. Baada ya muda mkewe, Nurjahan, akatuletea chai ya maziwa na vitumbua, na hiyo, kwa kuwa Hozefa hatukuwa tunamfuatilia, tuliruhusiwa kunywa.

Kisha likatokea lile ambalo wote wanaofanya kazi hii wanalijua. Mhandisi alihamishwa. Alipelekwa halmashauri nyingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na uhamisho wenyewe ulikuwa na sura ya kupandishwa. Huko nyuma tulipoteza mambo mengi kwa mtindo huo. Mtu anakula mahali, anahamishwa, wanaobaki wanasema hawahusiki, na anakokwenda anaanza upya akiwa msafi kabisa. Mwalusenga walikata tamaa. Ofisini tulikwishaanza kuzungumzia kijiji kingine. Mageni alipiga simu akauliza kama ndiyo basi, nasi tukamwambia apige tena wiki ijayo.

Jibu alilipata Mama Lusia, na alilitoa nyumbani kwao. Kwao Mhunze, mtu akihama haachwi aende peke yake. Majirani humsindikiza mpaka anakohamia, wakifika mmoja wao husimama mbele ya wenyeji wapya akamkabidhi: huyu alikuwa wetu, tabia yake ni hii, na kama ana kiporo cha kazi alichokiacha nyuma, hutajwa hapo hapo mbele ya wote, ili wenyeji wasaidie kimalizike. Ni heshima anayopewa jirani mwema. Mama Lusia aliuliza kwa upole kwa nini Mhandisi wetu anyimwe heshima hiyo.

Mwalusenga wakachanga wakakodi basi. Walifika kule, kwenye ofisi za halmashauri yake mpya, asubuhi na mapema wakiwa na ngoma, vitenge vya sare na jogoo mwekundu wa zawadi, wakaimba getini mpaka wafanyakazi wote wakatoka nje kutazama harusi ya nani. Mhandisi akatoka pia, pamoja na bosi wake mpya. Mama Lusia akasalimia kwa Kisukuma, akasema maneno ambayo tangu siku hiyo tumeyakariri.

“Mwangaluka. Sisi ni majirani zake wa Mwalusenga. Kwetu mtu akihama anasindikizwa, hatukutaka mseme tulimwacha aje mwenyewe. Tunamkabidhi kwenu. Ni mtu wa adabu, akifika mahali anabisha hodi, hilo tumeliona wenyewe. Kiporo chake ni kimoja, wodi ya wazazi. Imeandikwa imekwisha na haijaanza. Tunaomba, kabla hamjampa ya kwenu, mtusaidie atumalizie yetu.”

Akatoa jogoo. Bosi yule alimpokea, kwa sababu zawadi ya namna hiyo hairudishwi, na akiwa na jogoo mkononi akamgeukia Mhandisi akamuuliza wodi gani. Kilichofuata hakikuwa cha haraka. Lakini sasa lilikuwepo swali katika ofisi mbili, na mbele ya watu wa wilaya mbili, na halikuweza tena kufukiwa kwa kumhamisha mtu. Wachunguzi wa makosa ya rushwa walifika Mwalusenga, wakawahoji wananchi pale pale kwenye nyasi. Baadaye Mhandisi na mkandarasi wake wakafikishwa mahakamani, wakatiwa hatiani, rufaa yao nayo ikakataliwa. Siku ya hukumu Mama Lusia hakushangilia. Alisema mtu kwenda gerezani ni huzuni ya nyumba yake, na kwamba yeye anachosubiri ni tofali.

Tofali likaja. Jina la Mhandisi halimo humu kwa sababu yeye mwenyewe Mama Lusia alinikataza, akisema alishaadhibiwa na ana watoto. Wodi ndiyo aliyotaka itajwe. Ina kuta za rangi ya maziwa, madirisha yenye nyavu, tangi la maji, na vitanda kumi na viwili. Msingi ulipochorwa alisimama pale na kamba yake ya katani kuhakikisha haujapungua hata hatua moja, mpaka fundi mkuu akamuuliza kama anataka kupanga matofali mwenyewe.

Hatudai kwamba rushwa imekwisha Shinyanga na Geita. Tungedai hivyo, tungekuwa tunatangaza kisima kingine. Lakini vijiji vingine vimeshaiga, na wapo maafisa ambao siku hizi wakisikia uhamisho wao umetoka, huuliza kwanza kama kuna watu wanapanga kuwasindikiza. Asasi ndogo za wanawake na za wachimbaji ambazo zamani zilihofia hata kutuma mwaliko, sasa zinaitisha mikutano bila kutusubiri. Juzi moja ilitualika sisi kama wageni, na ikatukataza soda. Tunajivunia hilo, na tunajua limetoka kwa nani.

Ili asiseme nimemsifu tu, nitaje na ubaya wake. Simu huiweka sauti ya nje na huzungumza kana kwamba aliyepigiwa yuko ng'ambo ya bonde. Hajawahi kukubali kwamba ripoti inaweza kusomwa mtu akiwa amekaa ofisini. Na kila mfanyakazi mpya humtuma kwanza kijijini akateke maji, kisha ndipo amwonyeshe meza yake. Suzana, anayerithi nafasi yake, alitekeshwa ndoo tatu.

Sasa niseme habari ya sherehe, kwa sababu kuna marekebisho. Tutakutana Mwalusenga Jumamosi tarehe 28 Juni, saa nne asubuhi. Tulipomuuliza Mama Lusia anataka zawadi gani hakutaka ng'ombe wala kabati. Alitaka sherehe ifanyike ndani ya wodi, safari hii ikiwa na kuta na paa. Tukaona ni haki yake kuliko mtu yeyote, na kadi zikachapwa hivyo. Kadi moja ikamfikia Mageni, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Akapiga simu ofisini, na kwa ile tabia ya sauti ya nje, sote tukasikia.

“Mayu, nimeiona kadi. Ndani ya wodi haiwezekani. Vitanda vimejaa, kuna watoto wamezaliwa wiki hii, na mmoja ni mdogo sana anahitaji utulivu. Nisamehe. Mtakaa nje.”

Kwa miaka ishirini na sita Mama Lusia hajakubali kuwekwa nje ya jengo lolote, na maafisa wakubwa wamejaribu. Tukasubiri ajibu.

“Gete, kweli, mwanangu,” alisema, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. “Tutakaa nje.”

Akaiweka simu mezani, akalia mbele yetu sote bila kujificha, na sisi hatukujua pa kutazama, tukalia naye.

Kwa hiyo wenye kadi tafadhali sahihisheni. Tutakaa nje, kwenye nyasi, kwenye viti vyekundu vya Hozefa, na ngoma itapigwa mbali na madirisha. Baada ya chakula tutapanda mabasi kumsindikiza Mama Lusia hadi Mhunze. Mzee Bujiku na binti yao Lusia watakuwa wanatusubiri mlangoni, na Suzana ndiye atakayemkabidhi kama desturi inavyotaka. Atataja tabia yake, pamoja na ile ya matobolwa. Ikifika zamu ya kutaja kiporo, atasema hana.

Mama Lusia, wabeja sana, asante sana. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, pamba inayozaa, wajukuu wasumbufu, na soda baridi kutoka kwa mtu yeyote umpendaye, maana sasa hakuna unayemfuatilia. Pumzika, mama yetu. Kazi yako ipo, tumeiona wenyewe.

Luka Mayala, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako